Funguo za Amana: Kila Kasha na Ufunguo Wake



Nimeombwa nizungumze juu ya amana katika mwezi huu mtukufu. Hii ni mada tuliyoisikia tangu tukiwa wadogo chuoni. Kila mmoja wetu anajua kwamba Mtume (S.A.W.) alizitaja alama tatu za mnafiki, na mojawapo ni kufanya khiyana anapoaminiwa. Kwa hivyo sikuja kuirudia darsa hiyo. Nimekuja na swali moja tu: viongozi wa vikundi vyetu wanapobadilika, je, funguo nazo hubadilika?

Sizungumzii ufunguo wa mlango wa ofisi wala wa kabati la misahafu. Nazungumzia maneno ya siri, yale ya kompyuta na simu.

Sasa kuna wale watasema, hii ni mada ya saiba, si mada ya msikitini. Wacha niwaeleze. Hapa kwetu Eastlands, kuanzia Majengo, Eastleigh na Kariokor mpaka Umoja, Kayole na Dandora, mwezi wa Ramadhani ndio mwezi ambao vikundi vya vijana hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kuna pesa za futari, kuna zakatul-fitri, kuna nguo za mayatima za Idi. Zamani vitu hivi vilikuja kwa bahasha na kuandikwa kwenye daftari. Lakini tangu M-Pesa ianze hapa Kenya mwezi wa Machi 2007, sehemu kubwa ya michango huja kwa simu. Na ile orodha ya wajane na wagonjwa wanaosaidiwa, ambayo zamani ilikuwa mfukoni mwa mzee mmoja, sasa iko kwenye kompyuta. Hiyo orodha ni sitara ya watu. Ikitoka nje, mama wa watu anajulikana mtaa mzima kwamba alipewa unga.

Basi mwenye neno la siri ndiye mwenye amana. Na pakiwa na amana, pana hukumu ya Allah. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Wengi wa wafasiri wameitaja aya hii pamoja na kisa cha ufunguo wa Al-Kaaba. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (S.A.W.) aliuchukua ufunguo kutoka kwa Uthman bin Talha (R.A.), akaingia ndani ya Al-Kaaba. Alipotoka, riwaya zinasema kwamba jamaa zake waliomba wapewe ufunguo huo uwe pamoja na kazi ya kuwanywesha mahujaji maji, ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa ukoo wao. Mtume hakukubali. Alimwita Uthman bin Talha na kumrudishia ufunguo wake, na mpaka leo ukoo huo, Bani Shayba, ndio wenye kuushika.

Mnaona mafunzo mawili hapo? La kwanza, kila amana ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. La pili, amana mbili hazikurundikwa katika mkono mmoja hata kama mkono huo ni wa watu wema. Yashikeni mambo haya mawili, kwa sababu mazungumzo yetu yote yamejengwa juu yake.

KASHA NI NINI?

Mtu wa leo ana maneno ya siri mengi: ya barua pepe, ya benki, ya chuo kikuu, ya KRA, ya Facebook, ya eCitizen. Hawezi kuyakumbuka yote, basi anafanya moja kati ya mambo mawili. Ama anatumia neno moja kila mahali, na likijulikana mahali pamoja nyumba nzima iko wazi. Ama anayaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Dawa yake ni programu ya kutunza maneno ya siri. Ziko nyingi. KeePass, kwa mfano, imekuwepo tangu 2003 na ni ya bure, na Bitwarden pia mtu binafsi anaweza kuitumia bure. Programu kama hizi zinafanya kazi kama kasha la chuma. Maneno yako yote unayaweka ndani, kisha unalifunga kasha kwa neno moja tu, neno kuu la siri. Hilo ndilo unalolihifadhi kichwani, mengine yote kasha linakukumbushia.

Na mtu anaweza kuwa na makasha zaidi ya moja. Mimi napendekeza kwa kijana anayetumikia kikundi awe na matatu: la kwake mwenyewe, la nyumbani kwao, na la kikundi. Kwa nini? Kwa sababu ya yale mafunzo ya ufunguo wa Al-Kaaba. Mali ya kikundi si mali yako. Ukiyachanganya katika kasha moja, siku ya kukabidhi utamkabidhi mwenzako siri za mama yako, au utazuia siri za kikundi kwa sababu zako ziko humo humo.

KUBADILISHA MOJA SI KUBADILISHA YOTE

Hapa ndipo watu wengi wanapotatizika. Mtu ana makasha matatu katika programu moja. Anabadilisha neno kuu la kasha moja, anapumua, anasema Alhamdulillah nimemaliza. Hajamaliza. Katika KeePass, kila kasha ni faili yake na lina neno lake kuu. Ukibadilisha la kwanza, la pili na la tatu bado yanafunguka kwa maneno yale yale ya zamani.

Hebu tuchukue mfano wa simu, maana simu kila mtu anayo, hata kabambe. Simu yako ina namba ya kuifungua. Laini yako ina namba yake. M-Pesa ina namba yake ya siri. Benki ya simu ina namba yake. Hizi ni funguo nne katika kifaa kimoja. Ukibadilisha namba ya kufungulia simu, je, namba ya M-Pesa imebadilika? Haijabadilika. Yule aliyekuchungulia bega ukilipa kwa wakala bado anayo. Makasha nayo ni hivyo hivyo: yanakaa pamoja lakini kila moja linajitegemea.

Basi utaratibu ni huu, na ninauomba uandikwe.

Kwanza, kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala ya akiba ya kila kasha. Umeme Eastlands tunaujua. Ukipotea katikati ya kazi usije ukalia.

Pili, anza na kasha la watu kabla ya lako. Amana ya wengi ndiyo iliyo nzito.

Tatu, maliza moja kabla ya kwenda kwa lingine. Fungua kasha, badilisha neno kuu, lifunge kabisa, kisha lifungue tena kwa neno jipya. Likifunguka kwenye kompyuta, jaribu pia kwenye simu. Hapo ndipo unaenda kwa la pili. Ukibadilisha matatu kwa haraka, usiku wa manane kabla ya daku, asubuhi hutajua neno lipi ni la kasha lipi.

Nne, kwa siku kadhaa za mwanzo liandike neno jipya kwa mkono. Simu nyingi siku hizi zinafungua kasha kwa alama ya kidole, na kidole kinakudekeza. Unafikiri unalijua neno, kumbe kidole ndicho kinachojua. Siku simu ikiibwa kwenye matatu, kidole unacho lakini kasha huna.

Tano, angalia funguo zisifungiane. Kuna watu huweka neno kuu la kasha la kikundi ndani ya kasha lao, na la kasha lao ndani ya kasha la kikundi. Siku ukisahau yote mawili ni sawa na kuufungia ufunguo wa chumba kabatini, na ufunguo wa kabati ukaufungia chumbani. Na fahamuni kwamba makasha mengi ya namna hii hayana fundi wa kuyavunja. Hata wenye kampuni hawalijui neno lako kuu. Laini ya simu ukikosea namba yake mara tatu, ina namba ya PUK ya kukuokoa. Kasha halina PUK.

NENO LENYEWE LIWEJE?

Namba ya M-Pesa ina tarakimu nne, kwa hivyo jumla ya namba zinazowezekana ni 10,000. Inatosha pale kwa sababu ukikosea mara chache inafungwa. Lakini mtu aliyeiba faili ya kasha lako anaipeleka kwake na kujaribu usiku na mchana bila ya mtu kumzuia. Kwa hivyo neno kuu liwe refu.

Njia nzuri ni kuchukua maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyotokana na bahati tu. Ukiwa na orodha ya maneno 7,776 na kuchagua sita kwa kurusha dadu, idadi ya michanganyiko inafika tarakimu 24. Na hapa najua ustadh mmoja atauliza, vipi dadu katika Ramadhani? Si mchezo wala si kamari, ni kuchagua tu. Ukipenda andika maneno kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, uchanganye, kisha uchomoe.

Lakini usitumie kile ambacho kila Muislamu anakihifadhi. Mwanzo wa sura, dua ya kulala, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, namba 786, hayo ndiyo mtu anayekujua atakayoanza nayo. Na kila kasha lipewe neno lake. Maneno matatu, si neno moja lenye 1, 2 na 3 mwishoni.

Na je, tubadilishe kila mwezi? Hapana. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa mwongozo mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha maneno ya siri kila baada ya muda bila ya sababu, ila pakiwa na dalili kwamba neno limejulikana. Ukimlazimisha mtu kila mwezi, ataongeza tarakimu mwishoni tu. Badilisha kwa sababu: simu imeibwa, neno limeonekana, au aliyekuwa akilijua ameacha kazi hiyo.

UFUNGUO MPYA HAUFUNGI NAKALA YA ZAMANI

Jambo hili ni zito zaidi, naomba masikio. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass, ambayo inatunza makasha ya watu wengi duniani, iliingiliwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo ilitangaza kwamba mwizi alichukua nakala za akiba za makasha ya wateja. Maneno ya siri ndani yake yalikuwa yamefungwa kwa neno kuu la kila mteja, lakini anwani za tovuti zilikuwa wazi.

Wateja wengi walikimbilia kubadilisha neno kuu. Vizuri, lakini nakala iliyokuwa mkononi mwa mwizi ilikuwa imefungwa kwa neno la zamani, na inabaki hivyo. Anayelipata neno la zamani anaifungua ile nakala na kuyakuta yote yaliyokuwemo siku ile. Kilichowafaa wenye maneno mafupi ni kubadilisha pia maneno yaliyokuwa ndani: ya benki, ya barua pepe, yote.

Sasa lirudisheni jambo hili kwetu. Katibu wa kikundi amemaliza muda wake. Neno kuu limebadilishwa. Lakini nakala ya kasha iko kwenye flashi yake, iko kwenye kompyuta yake ya zamani aliyomuuzia mtu Gikomba, iko kwenye barua pepe aliyojitumia mwenyewe. Zote hizo zinafunguka kwa neno la zamani. Kwa hivyo makabidhiano kamili yana hatua tatu: kubadilisha neno kuu la kasha, kufuta nakala za zamani, na kubadilisha kufuli za ndani, yaani maneno ya barua pepe, ya ukurasa wa kikundi na ya akaunti zote.

Na msisahau namba ya simu. Barua pepe ya kikundi ikipotea, ile namba ya kuirudisha hutumwa kwa laini ya nani? Mara nyingi ni laini ya katibu aliyeondoka. Na laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine kabisa. Kwa benki tunajua: viongozi wakibadilika, wenye sahihi hubadilishwa. Iwe hivyo hivyo na haya.

SI KUMSHUKU MTU

Ndugu zangu, sasa nafikia lile lililonifanya nikubali kusimama hapa. Vikundi vyetu haviachi kubadilisha funguo kwa sababu ya ujinga wa kompyuta. Vinaacha kwa sababu ya haya. Tunaogopa kumvunjia heshima ndugu yetu. Ametumikia miaka mitatu, amebeba magunia ya mchele mgongoni, leo ameoa au amepata kazi Mombasa, kisha siku ya kumuaga tunabadilisha funguo mbele ya macho yake? Atasema tunamshuku wizi. Basi tunanyamaza, neno linabaki lile lile.

Nawakumbusha kisa cha Ramadhani, kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu katika kumi la mwisho. Mkewe Safiyya (R.A.) akaja kumtembelea usiku, na alipotaka kurudi Mtume akatoka kumsindikiza. Wakapita watu wawili katika Ansari, walipomuona wakaharakisha mwendo. Mtume akawaambia wasiharakishe, huyu ni Safiyya. Wao wakashangaa, nani angemdhania Mtume vibaya? Naye akawaeleza kwamba shetani hupita kwa mwanadamu mapitio ya damu, na aliogopa asije akatia kitu katika nyoyo zao.

Tazameni. Mbora wa viumbe, aliyeitwa Al-Amin na Makureshi kabla ya utume, hakusema watu wananiamini, inatosha. Alifunga mlango wa dhana kabla haujafunguka. Je, katibu wetu na mweka hazina wetu wana heshima kuliko yeye?

Chukueni mfano huu. Katibu ameondoka, neno halikubadilishwa. Baada ya miezi sita, shilingi 40,000 za zakatul-fitri hazionekani, au orodha ya wajane imeonekana mahali pasipostahiki. Swali la kwanza litakuwa nini? Ni nani alikuwa na neno la siri? Na jina la yule ndugu litatajwa, naye yuko Mombasa, hana habari. Atathibitisha vipi kwamba hakuingia? Hawezi. Watu watanong'ona baada ya tarawehe, na Allah katika Suratul-Hujuraat ametuonya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Hapo sisi ndio tuliomtia katika mtihani, na tulidhani tunamheshimu.

Na lau siku ile ya kumuaga neno lingebadilishwa mbele yake na mbele ya mashahidi wawili, angeondoka na dhima safi. Hakuna ambaye angeweza kulitaja jina lake. Kwa hivyo kubadilisha ufunguo ni zawadi kwa anayeondoka kabla ya kuwa ulinzi kwa wanaobaki. Na ewe unayeondoka, usingoje kuambiwa. Dai wewe mwenyewe: badilisheni, mimi nishuhudie, na sitaki kulijua jipya.

Upande wa sheria nao upo. Sheria ya Kenya ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018 inamhesabu mkosaji anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 3, au yote mawili. Na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda habari za watu, na orodha ya wanaopokea msaada ni habari za watu. Lakini sisi hatuyafanyi haya kwa kuogopa polisi. Aliyelala Makka usiku wa Hijra, Ali bin Abi Talib (R.A.), aliachwa nyuma ili azirudishe amana za watu wa Makka, na wengi wao walikuwa wakimpinga Mtume. Amana ya adui ilirudishwa, seuze ya mjane Muislamu wa Majengo?

NA TUKIFA?

La mwisho ni wasia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haifai apitishe siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Tunaandika deni la dukani, lakini neno kuu la kasha la kikundi tunakwenda nalo kaburini, na kikundi kinabaki kikitafuta fundi wa kufungua kisichofunguka.

Basi neno kuu la kasha la kikundi liandikwe kwa mkono kwenye karatasi, litiwe katika bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi, na viongozi wawili watie sahihi juu ya mfuniko wake. Iwekwe mahali pa kufuli, kwa mfano kwa kamati ya msikiti. Kila neno likibadilishwa, bahasha ya zamani ichanwe na mpya iwekwe siku hiyo hiyo, ama sivyo mtabaki na ufunguo wa mlango usiokuwepo. Na kila kasha na bahasha yake. La nyumbani mpe mama au baba akuwekee, waambie tu hiki ni nini na kifunguliwe lini.

Ndugu zangu, Idi inakaribia, na vikundi vingi huchagua viongozi baada ya Idi. Ninachowaomba ni dakika 30 tu siku ya makabidhiano. Wakae watatu: anayeondoka, anayeingia, na shahidi mmoja. Wabadilishe, wajaribu, wafute nakala, waandike bahasha, kisha wasome Fatiha na wapeane mikono.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaochunga amana na ahadi zao, atukubalie saumu zetu na visimamo vyetu, na awalinde mayatima na wajane wetu na sitara zao. Nilichopatia ni kwa tawfiki ya Allah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.